Mwandikie Mteja Kama Unavyozungumza Naye

  

Leo tutazungumza juu ya maandishi ya biashara. Nakusudia barua, matangazo ya ukutani na ujumbe mfupi wa simu ambao maduka, vyama vya akiba na mikopo, kampuni na mashirika huwaandikia wateja wao. Hoja yangu ni moja, na nitairudia ili tuondoke nayo sote: mwandikie mteja kwa heshima na uwazi uleule unaomwonyesha akiwa amekaa mbele yako.

Hebu tuanze na swali. Mama mmoja, mwanachama wa SACCOS yenu, yaani chama chenu cha akiba na mikopo, anaingia ofisini. Rejesho lake la mkopo limechelewa. Utamwambiaje? Kwanza utamwamkia, maana amekuzidi umri. Utamkaribisha kiti. Halafu utamwambia, "Mama, rejesho la mwezi wa tatu bado hatujaliona. Kuna tatizo gani?" Atakueleza. Pengine mtoto aliugua, pengine biashara ilidorora. Mtapanga tarehe, ataaga, atakwenda zake.

Sasa tuseme mama huyo hakuja, na wewe ukaamua kumwandikia. Utamwandikiaje? Sikilizeni barua hii. Nimeitunga mwenyewe kuwa mfano, lakini wengi wenu mtaitambua, kwa sababu za namna hii zimejaa katika mafaili yetu.

"Yah: Deni la Mkopo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa barua hii unafahamishwa kuwa kumebainika kuwepo kwa ucheleweshwaji wa marejesho ya mkopo wako. Hivyo basi, unatakiwa kufanya utekelezaji wa malipo hayo mara moja, vinginevyo hatua kali za kisheria zitachukuliwa dhidi yako. Natumaini hili litazingatiwa."

Ndugu msikilizaji, jiweke mahali pa mama huyo. Umeisoma barua mara ya kwanza, moyo umekwenda mbio. Umeisoma mara ya pili. Je, umejua unadaiwa shilingi ngapi? Hujajua. Umejua mwisho wa kulipa ni lini? Hujajua. Ulipe wapi? Hakuna. Na kama umeshalipa, ila kumbukumbu zao ndizo zenye kasoro, ufanye nini? Hakuna. Kama huna fedha leo, umwone nani? Hakuna. Barua nzima imekupa jambo moja tu, nalo ni hofu. Na mtu mwenye hofu mara nyingi haji ofisini. Huzima simu.

Hapo ndipo ninapotaka tuone kwamba jambo hili linagusa mfuko wa biashara. Barua ile ilikusudiwa kuleta fedha, na imemfukuza mwenye fedha. Aliyeiandika hakuwa mtu mbaya. Huyohuyo angemvutia mama kiti. Kwa nini basi kalamu yake ikawa kali kuliko ulimi wake?

Ninaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kunakili. Katika ofisi nyingi barua haiandikwi upya. Inatolewa ya mwaka jana kwenye kompyuta, inabadilishwa jina na tarehe, inapigwa muhuri. Ile ya mwaka jana nayo ilinakiliwa kutoka ya mwaka juzi. Ukifuatilia nyuma, pengine utafika kwenye waraka wa serikali wa zama za ukoloni, ambapo mkubwa alimwandikia mdogo, na mdogo hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Sauti ile ya amri imerithiwa mpaka kwenye barua ya kumkumbusha mteja kulipia king'amuzi.

Sababu ya pili ni kuogopa kuonekana. Lugha yetu ya Kiswahili imejaliwa: kitendo kinatembea na mtendaji wake. Ukisema "tumechelewa", msikilizaji anajua ni sisi. Ukisema "nimekosea", ni mimi. Lakini mwandishi akisema "kumetokea ucheleweshwaji", nani amechelewesha? Hayupo. Akisema "imebainika", nani amebaini? "Imeamuliwa", nani ameamua? Wote wamejificha. Na mteja anapotafuta mtu wa kuzungumza naye ndani ya barua hiyo, hamwoni.

Sababu ya tatu ni kudhani kwamba maneno mazito ndiyo yanayoleta hadhi. Tunaandika "kufanya utekelezaji wa malipo" badala ya "kulipa". Tunaandika "zoezi la ugawaji wa mbegu litafanyika" badala ya "tutagawa mbegu". Tunaandika "katika suala zima la uboreshaji wa huduma" wakati tungeweza kusema tu "ili tuwahudumie vizuri zaidi". Maneno yameongezeka, maana imebaki ileile, na msomaji amechoka kabla ya kufika mwisho.

Kuna watakaoniambia, "Lakini hiyo ndiyo desturi ya barua ya kikazi." Mimi nawakumbusha kwamba watu wetu walikuwa na desturi ya barua za biashara kabla ya mafaili ya kikoloni. Wafanyabiashara wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu, juu ya mali, madeni na safari. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya namna hiyo mwaka 1892, na ndani yake mna barua. Desturi ya barua zile ilikuwa kumtaja mpokeaji kwa heshima, kumsalimu na kumuulizia hali, kisha ndipo liingie la biashara. Watu wale walikuwa wakidaiana fedha nyingi, na hawakuona kwamba salamu inapunguza uzito wa deni.

Na leo? Tazama kibao cha muuza duka mtaani: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Ni maandishi ya biashara hayo. Ni maneno manne, na mteja anayasoma, anatabasamu, anaelewa kwamba leo hakopeshwi. Hajatukanwa wala hajatishiwa. Muuza duka yule ameandika kama anavyosema.

Tazama pia ujumbe wa simu unaopata ukimtumia mtu fedha. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, watu wengi walikuwa hawajawahi kuwa na akaunti ya benki. Iliwapasa waamini kwamba fedha imefika kwa kusoma mistari michache tu kwenye simu. Mistari hiyo inasema nini? Kiasi gani, kimekwenda kwa nani, tarehe na saa ngapi, na salio lako sasa ni kiasi gani. Hayo ndiyo ya msingi. Bibi kijijini anamwomba mjukuu amsomee, na akimaliza kusoma hakuna swali. Huo ndio uwazi ninaouzungumzia.

Wala tusidhani kwamba wenzetu wa nchi tajiri walizaliwa wakiandika vizuri. Uingereza, mwaka 1979, mama mmoja aitwaye Chrissie Maher alikwenda katika uwanja ulio mbele ya Bunge, London, akachanachana fomu za serikali hadharani, kwa sababu wananchi wa kawaida waliozihitaji walikuwa hawazielewi. Hapo ndipo kampeni ya lugha nyepesi ilipopata nguvu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 kuzitaka ofisi za serikali kuu ziandike nyaraka zao kwa lugha ambayo raia anaielewa.

Na kuna tajiri mmoja wa Marekani, Warren Buffett, ambaye kila mwaka aliwaandikia wenye hisa wa kampuni yake barua ndefu juu ya mambo magumu ya fedha. Mwaka 1998 mamlaka ya masoko ya hisa ya nchi hiyo ilitoa mwongozo wa kuandika kwa lugha nyepesi, na Buffett akauandikia dibaji. Alieleza humo siri yake: alipoandika, aliwafikiria dada zake wawili, Doris na Bertie. Walikuwa watu wenye akili, lakini si wataalamu wa uhasibu. Aliwaeleza wao kile ambacho yeye mwenyewe angetaka kuelezwa kama angekuwa upande wao.

Sikilizeni hapo, wasikilizaji. Mtu aliyesimamia mabilioni ya dola aliandika kama anayezungumza na dada yake. Basi katibu wa chama cha akiba cha Songea au Kericho anaogopa nini?

Sasa tufanyeje? Nitawapa mambo matano. Aliye na kalamu aandike, asiye nayo asiwe na wasiwasi, nitayarudia mwishoni.

Jambo la kwanza: mweke mtu mmoja mbele yako. Kabla hujaandika, jiulize, barua hii anaisoma nani? Usiseme "wateja". Mfikirie mteja mmoja unayemjua, mwenye uso na sauti. Labda ni yule mzee wa mbolea, au yule kijana wa bodaboda. Mwandikie huyo. Utaona maneno yanabadilika yenyewe.

Jambo la pili: sema lililokuleta, mapema. Msalimu, kisha ingia kwenye jambo. Chukua tangazo la maji. Tumezoea hivi: "Uongozi unapenda kuwatangazia wateja wake wote kuwa, kutokana na kuwepo kwa matengenezo ya miundombinu, kutakuwa na ukosefu wa huduma." Msomaji bado anasubiri kujua lini! Kwa nini tusiandike hivi: "Ndugu wateja, kesho Jumatano maji yatakatika kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Mafundi wetu watabadilisha bomba lililopasuka. Tafadhali tekeni ya kutosha leo jioni." Mama lishe akisoma hilo, anajua ajaze ndoo ngapi.

Jambo la tatu: waonyeshe watu. Tumia "sisi" na "wewe". "Tumepokea ombi lako." "Tutakupigia Ijumaa." "Lete nakala ya kitambulisho." Na ukikosea, kubali kwamba umekosea. Ile kauli yetu maarufu, "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza", imechoka. Usumbufu umeshajitokeza! Mteja mzigo wake haujafika, na duka lake la Mbeya halina bidhaa. Mwandikie hivi: "Mzigo wako umechelewa siku 3. Kosa ni letu, tuliupeleka kwenye ghala lisilo lake. Umeondoka Dar es Salaam leo asubuhi na utafika Mbeya kesho jioni. Nauli ya mzigo tutakurudishia." Mteja huyo amekasirika, ndiyo. Lakini sasa anajua amekosewa na nani, na anajua mambo yatarekebishwa vipi. Mtu wa hivyo hurudi.

Jambo la nne: habari mbaya ipe sababu na njia. Wapo vijana wetu wanaopeleka maombi ya kazi, na wajasiriamali wanaoomba mikopo, kisha wanajibiwa, "Tunasikitika kukujulisha kuwa ombi lako halikufanikiwa." Nukta. Kwa nini halikufanikiwa? Afanye nini mara nyingine? Ukimwandikia, "Safari hii hatukuweza kukupa mkopo kwa sababu leseni yako ya biashara imekwisha muda wake. Ukishaihuisha, lete nakala, tutalitazama ombi lako upya," umemkatalia, lakini hujamfungia mlango. Sentensi moja zaidi imemwokoa mtu na kukata tamaa.

Jambo la tano: soma kwa sauti. Hili sisi wa redio tunalijua vizuri, kwa sababu hatuna njia nyingine. Maandishi yote husomwa kwa sauti kabla ya kuingia hewani. Sentensi ikikukata pumzi, ikate wewe. Neno likikukwama mdomoni, litafute jingine. Basi na wewe, kabla ya kutuma barua, isome kwa sauti. Kisha mpe mtu asiye wa ofisi yenu, umuulize maswali matatu: kumetokea nini, mimi natakiwa nifanye nini, na mpaka lini? Akishindwa kujibu hata moja, barua bado haijawa tayari.

Haya, turudi kwa mama yetu wa SACCOS. Tumwandikie upya. Tunaanza kwa kumtaja jina lake, kisha tunasema:

"Habari za leo. Rejesho lako la mwezi Machi, shilingi 85,000, bado hatujalipokea. Lilitakiwa kufika tarehe 5. Kama umeshalipa, tafadhali tuonyeshe risiti ili turekebishe kumbukumbu zetu. Kama bado, tunakuomba ulipe kabla ya tarehe 20 mwezi huu kwa namba ileile uliyozoea. Ukiona umekwama, njoo ofisini au utupigie kabla ya tarehe hiyo ili tupange pamoja namna ya kulipa. Tarehe 20 ikipita bila malipo na bila taarifa yako, mkataba unatutaka tuwaite wadhamini wako. Tungependa tusifike huko. Asante kwa kuwa mwanachama wetu." Halafu jina la mwandishi, cheo chake na namba yake ya simu.

Mmesikia? Je, deni limesamehewa? Halijasamehewa. Je, tumeficha kwamba wadhamini wataitwa? Hatukuficha. Limetajwa waziwazi, na siku yake imetajwa. Kwa hakika barua hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ile ilisema "hatua kali" bila kusema hatua gani. Hii inasema tarehe, kiasi na kitakachofuata. Na bado mama anaweza kuingia ofisini kesho bila kuinamisha kichwa.

Sasa naomba tuwekane sawa kwenye mipaka, maana jambo zuri likizidi huharibika. Kuandika kwa ukaribu si kuandika kihuni. Mteja wako wa miaka 70 usimwandikie "mambo vipi". Usimwite "boss wangu" mtu usiyemjua. Kampuni inayotangaza vifurushi kwa vijana wa Nairobi inaweza kutumia Sheng kidogo na wakafurahi, lakini barua ya bima ya mazishi haina mahali pa utani. Kama hujui umri wala hali ya msomaji, "Ndugu", "Bwana" au "Bi" pamoja na jina lake vinatosha. Heshima yetu Waswahili ni sehemu ya ukaribu wetu, wala haipingani nao.

Tena, ukaribu wa maneno matupu haufai. Ukiandika "mteja wetu mpendwa, mteja wetu wa thamani", kisha swali lake usilijibu, hujamthamini. Umempaka mafuta tu. Anayethaminiwa hujibiwa.

Na ndugu zetu wanasheria wasiwe na wasiwasi. Masharti ya mkataba yabaki kamili. Riba itajwe, siku zitajwe, namba ya kumbukumbu iandikwe. Kinachotakiwa ni kwamba anayetia sahihi awe ameelewa anachokitilia sahihi. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya, kwa Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hizo ni hatua kubwa. Lakini barua inaweza kuwa ya Kiswahili kitupu, mwanzo hadi mwisho, na bado Mswahili asiielewe. Lugha tunayo. Kilichobaki ni kuitumia kwa ajili ya msomaji.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu unakaribia kwisha, basi nirudie kama nilivyoahidi. La kwanza, mweke mtu mmoja mbele yako. La pili, sema lililokuleta mapema. La tatu, waonyeshe watu: sisi na wewe. La nne, habari mbaya ipe sababu na njia. La tano, soma kwa sauti kabla ya kutuma. Na juu ya yote matano, ile hoja yetu: mwandikie mteja kwa heshima na uwazi uleule unaomwonyesha akiwa amekaa mbele yako.

Ninalo ombi moja kwenu. Wewe mwenye duka, wewe katibu wa chama, wewe afisa wa huduma kwa wateja, wewe meneja: kesho asubuhi fungua ile barua mnayoituma mara nyingi kuliko zote. Isome kwa sauti mbele ya wenzako. Jiulizeni kama mngeweza kumwambia mama yenu mzazi maneno hayo, ana kwa ana. Kama hamwezi, msiitume tena. Kaeni siku hiyohiyo mwiandike upya.

Wateja wetu wanatupa fedha zao walizozitolea jasho. Wanastahili kuelewa tunachowaandikia.